Wanaofyeka Magofu ya Pemba

Mgeni anayefika kwenye magofu ya Pujini, karibu na Chake Chake, husimuliwa habari za Mkama Ndume, mtawala katili aliyewabebesha watu mawe ya ngome yake. Hasimuliwi habari za waliofyeka njia aliyopita. Mimi hao ndio nataka kuwashukuru.

Masika yakimalizika, majani yamekwisha fika kiunoni. Hufyekwa kwa panga, mtu ameinama kutwa, na karibu na ukuta panga huwekwa chini kazi ikafanywa kwa mikono, maana ukuta wa mawe ya matumbawe uliosimama tangu karne ya 15 hauhitaji pigo la pili. Mizizi ndiyo taabu hasa. Mti ukishaota kati ya mawe, asiyejua huung'oa, na ukuta ukamfuata. Anayejua hukata shina, akauacha mzizi ufe humo humo, kisha nyufa huzibwa kwa chokaa. Saruji ingekuwa kazi nyepesi, lakini hufungia unyevu ndani na jiwe laini likamomonyoka. Miji ya Ulaya husifiwa kwa kutunza mawe yake, na inastahili. Kazi ya huku ni hiyo hiyo.

Kwingine hata kufika ni kazi: Ras Mkumbuu, kwenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, aghalabu huendewa kwa mashua, na maji ya kunywa unabeba mwenyewe.

Ukifika Chwaka, Tumbe, ukaweza kuyazunguka magofu bila kuchanwa na miiba, ujue kuna mtu alitangulia kwa ajili yako.