Kungoja Nazi Ivunde

Nek anaishika nazi kwa mikono miwili, anaisogeza sikioni, anaitikisa. Akisikia maji yamejaa, anaiweka kushoto: hiyo bado koroma, itafaa mchuzi wa leo. Akisikia yanagonga kwa sauti nyembamba, sauti ya maji yaliyopungua, anaiweka kulia. Za kulia zimefika 28, na jua limeshapanda. Majirani wote humwita Nek, yaani bibi, nami niliambiwa nimwite hivyo hivyo.

Kijiji, ambacho kwa Kiaceh huitwa gampong, kiko katika tambarare ya Pidie mkoani Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia. Mashamba ya mpunga yanashuka toka vilimani hadi karibu na bahari, na minazi imesimama katikati ya nyumba kama watu wa ukoo. Nyumba ya Nek ni ya zamani, imeinuliwa juu ya nguzo kiasi cha mtu kupita chini yake bila kuinama, na mbao zake zimeshikana kwa vigingi na kabari pasipo misumari. Uvungu huo ndio karakana yake. Pana kivuli na upepo, na pembeni limelala jeungki, gogo la kutwangia unga wa mchele kwa nguvu za mguu. Kwa desturi ya Waaceh mke huitwa peurumoh, mwenye nyumba, na ukimwona Nek akizunguka uvunguni bila kutazama anakokanyaga, huulizi neno hilo limetoka wapi.

Anachotengeneza ni pliek u. U ni nazi. Pliek ni kile kinachobaki nazi ikishatoa mafuta yake. Mtu wa Pwani ya kwetu akisikia hivyo atasema, basi ni machicha. Nami nilidhani hivyo. Lakini machicha yetu ni mabaki ya nusu saa, tunawamwagia kuku. Haya ya Nek ni ya wiki mbili na zaidi, na ndiyo yaliyomfanya afue nazi.

Kufua kwenyewe hakumchukui muda. Chuma kilichochongoka kimesimikwa ardhini, sisi tungekiita kifuo. Anaishusha nazi kwa uzito wa mabega, anaipinda, kumbi linaachia. Mara tatu, nne, imebaki uchi. Halafu anaipakata katika kiganja cha kushoto na kuigonga kwa mgongo wa panga, akiizungusha kidogo kila pigo, kwenye mstari mmoja asiouchora popote. Kifuu kinapasuka kuwa viwili vilivyo sawa. Maji yanachuruzika bakulini, na wajukuu wameshafika.

Vifuu, nyama ikiwa bado ndani, vinapangwa kwenye gunia, kimoja juu ya kingine. Gunia linafungwa mdomo, linawekwa kivulini, linafunikwa. Siku ya kwanza hakuna cha kutazama. Siku ya pili pia. Nek anakwenda shambani, anarudi, anaswali, anapika, na kila apitapo anaweka kiganja juu ya gunia, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Siku ya tatu kuna joto. Anafungua, anainama, anavuta pumzi. “Goh lom,” anasema. Bado.

Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili, na pale uvunguni niliyahitaji yote. Chakula huchacha, huvunda, huoza. Ndizi nazo tunazivundika kwa makusudi zipate kuiva. Kazi ya Nek iko katika upenyo mwembamba kati ya kuvundika na kuoza. Karibu thuluthi moja ya nyama ya nazi iliyokomaa ni mafuta, lakini yamefungwa katika vitone vidogo sana, vimezungukwa na maji na protini. Mwenye haraka hukamua tui akalichemsha kwa kuni nyingi hadi mafuta yajitenge. Nek hateketezi hata ukuni mmoja. Viumbe wasioonekana kwa macho, hamira na bakteria, ndio wanaokilegeza kifungo hicho, na kazi yake yeye ni kuwapa giza na joto la kutosha, kisha kuwazuia kabla hawajapita mpaka. Hana saa wala kipimajoto. Ana pua.

Siku ya tano harufu ilibadilika, hata mimi niliisikia: ukali wa siki, na nyuma yake kitu kitamu na kizito. Nyama ilikuwa imegeuka rangi ya pembe, na ilipobonyezwa kwa kidole gumba iliacha alama inayong'aa. Nek akasugua vidole viwili, akavitazama kwenye mwanga. “Ka jeuet.” Sasa inafaa.

Kisha akavuta geunuku, nikatabasamu, kwani ni mbuzi ya nazi kabisa: ubao wa kukalia na ulimi wa chuma wenye meno mbele. Akakaa, akashika kifuu kwa mikono miwili, akaanza kukuna. Nazi mbichi hulia kwenye mbuzi. Hii iliyovundikwa haitoi sauti ila mnyonyo mdogo, na inaanguka kwa mabonge laini. Kila mzunguko aliusimamisha unywele mmoja kabla ya kufika ganda jeusi. Nilivikagua vifuu alivyovitupa: ndani havina nyama, na hakuna mkwaruzo wa kahawia uliochanganyika na nazi.

Nazi iliyokunwa ikaanikwa juani juu ya mikeka, ikifikichwa kila baada ya muda ili isishikane. Jua la huku halina ahadi. Wingu likitokea vilimani, Nek huinuka kabla ya tone la kwanza, na mikeka huwa imeshakunjwa. Siku mbili, tatu, hadi mikono yake ikawa inang'aa mpaka kwenye viwiko.

Kushindika hufanywa kwa peuneurah. Ni mbao mbili nzito, zimekuwa nyeusi kwa mafuta. Nazi hiyo hufungwa vizuri ikabanwa kati yake, kisha kabari zinagongwa taratibu, upande huu, upande ule. Nek hupiga, hungoja, hupiga. Ukibana kwa pupa, mafuta hutoka na tope. Akingoja, yanatiririka kwa uzi mwembamba wa rangi ya dhahabu. Huitwa minyeuk brôk, mafuta yaliyooza, na jina hilo halimzuii mtu yeyote gampong kukaangia samaki au kumkandia mgonjwa.

Kilichobaki kati ya mbao kinarudi juani, kinafikichwa tena, kinaanikwa tena, hadi kiwe chembechembe za kahawia, kavu, zenye harufu inayokaa mkononi siku nzima. Hiyo ndiyo pliek. Hutiwa katika gudulia, nayo hukaa miezi mingi. Aceh ilipita karibu miaka thelathini ya vita kati ya waasi wake na serikali, tangu 1976 hadi mapatano ya amani ya Helsinki ya tarehe 15 Agosti 2005, na Pidie ilikuwa katikati ya moto huo. Nek haongei mengi juu ya miaka ile. Alisema tu kwamba kulikuwa na siku za kutokwenda bustanini, na kwamba gudulia halikuwa tupu.

Jioni alipika kuah pliek u. Humo mlikuwa na fenesi changa, papai bichi, maganda marefu ya kunde na majani ya mti wa melinjo. Mlikuwa pia na birimbi zilizoanikwa na kutiwa chumvi mara kadhaa hadi zikawa kahawia, ambazo Waaceh huziita asam sunti. Pliek ilitwangwa na viungo ikaingia mwishoni. Mchuzi ulikuwa mzito, wenye uchachu wa chini kabisa, kama ladha inayozungumza kwa sauti ndogo. Nilikula sahani mbili.

Uvunguni gunia jipya lilikuwa katika siku yake ya nne. Nek, akiwa bado anakula, alimwambia mjukuu wake wa kike akalitazame. Msichana alifungua mdomo wa gunia, akainama, akavuta pumzi, akanyamaza kidogo.

“Goh lom,” akasema.

Nek hakuinuka kwenda kuhakikisha.