Tegemezi kwa Jina Tu

Mwaka wangu wa pili wa kusoma Kihispania, darasa la jioni, Dar es Salaam, kazi yetu ilikuwa kukata sentensi. Mwalimu anaandika sentensi ndefu ubaoni, sisi tunaichorea visanduku: kishazi huru hapa, kishazi tegemezi pale, na chini ya kila kisanduku jina lake. Kikifanya kazi ya nomino ni sustantiva, kikifanya kazi ya kivumishi ni adjetiva, kikifanya kazi ya kielezi ni adverbial. Nilikuwa hodari wa visanduku. Mtihani nilifaulu vizuri tu, lakini kila nilipofungua riwaya ya Kihispania nilihisi kuna kitu wenzangu wanaambiwa na mimi siambiwi.

Siku hizi naona tatizo lilianza na jina lenyewe. Kihispania hukiita kishazi hiki subordinada, yaani kilichowekwa chini ya kingine. Sisi tunakiita tegemezi. Majina yote mawili yanamfanya mwanafunzi aamini kwamba jambo kubwa liko kwenye kishazi huru, na kilichobaki ni mkia. Chukua sentensi ya kawaida kabisa: Me dijo que se casaba. Aliniambia kuwa anaoa. Kishazi huru ni "aliniambia". Sasa nani amekaa mkao wa kusikiliza kwa ajili ya "aliniambia"? Habari yote iko nyuma ya que.

Na tazama jambo jingine hapo, maana nitalirudia. Casaba ni kitenzi cha wakati uliopita, lakini mimi nimeandika "anaoa". Kihispania, kitenzi cha kuambia kikiwa cha wakati uliopita, mara nyingi hukivuta na kitenzi cha pili kirudi nacho nyuma. Kiswahili hakina haja hiyo. Tunamwachia msemwa wakati wake.

Kosa langu kubwa zaidi halikutokea darasani. Nilikuwa naandikiana na rafiki mmoja wa Mexico. Mimi napata Kihispania, yeye anapata Kiingereza. Siku moja akaniandikia kwamba mama yake amelazwa, na kwamba cuando mi madre salga del hospital, akitoka hospitali, watamhamishia kwa dada yake. Salga, si sale. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumefundishwa kuwa umbo hili la kitenzi, subjuntivo, ni umbo la shaka, matumaini na mambo yasiyo na hakika. Nikasoma shaka. Nikaona binti anayejua kuwa mama hatoki. Nikamwandikia ujumbe mrefu wa kumfariji, nikamwambia asikate tamaa, nikafikia hata kumweleza jinsi sisi tulivyompoteza bibi.

Akajibu: kwani nani amekata tamaa? Mama anatoka Jumatatu.

Alikuwa amekasirika kidogo, na alikuwa na haki. Kishazi cha cuando kama kile, kinachotaja jambo ambalo bado halijatokea, hudai subjuntivo, uwe na uhakika nalo au usiwe nao. Hakuchagua umbo lile, kwa hiyo umbo lile halikuwa na siri yoyote ya moyo wake. Angetaka kuonyesha wasiwasi angesema ojalá salga. Neno ojalá, kwa njia, limetoka kwenye Kiarabu kilichosemwa Uhispania zamani, kwenye maneno ya "Mungu akipenda". Ni jamaa wa inshallah yetu. Hata hasta yao, yenye maana ya "mpaka" na wakati mwingine "hata", inatoka kwenye neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi hata. Niligundua haya nikiwa natafuta namna ya kuomba radhi.

Tangu hapo nina swali moja tu ninaloliuliza kishazi tegemezi: je, msemaji alikuwa na chaguo? Pale asipokuwa nalo, napita. Pale alipokuwa nalo, nasimama. Mtu akisema Busco a una señora que vende pan, yupo mama fulani muuza mikate ambaye anamfahamu na anataka kumwona. Akisema Busco una señora que venda pan, anataka mama yeyote auzaye mikate, na huenda mtaa huo hana hata mmoja. Vende na venda. Herufi moja imebeba swali la kama huyo mtu yupo duniani (pamoja na ile a ndogo, ambayo kazi yake inafanana na ya -m- yetu katika "namtafuta"). Vivyo hivyo aunque llueve na aunque llueva: wa kwanza anakuambia mvua inanyesha, wa pili anakuambia hajali kama inanyesha au la. Darasani jozi ya mikate ingeingia kisanduku kimoja cha adjetiva na jozi ya mvua kisanduku kimoja cha adverbial, na wote tungepewa alama.

Sisemi visanduku ni upuuzi. Nasema vinajibu swali dogo, na wakati mwingine hata hilo vinalijibu vibaya. Cuando me llamaste unaweza kukibadilisha na "wakati ule", sawa, hicho ni kielezi. Lakini si llueve, "mvua ikinyesha", utaweka kielezi gani mahali pake? Hakuna. Sarufi mpya ya Akademia ya Kihispania na akademia wenzake, iliyotoka mwaka 2009, ina mashaka na kikapu hicho cha adverbial ambamo kila kilichokosa kwao hurundikwa. Habari hizo hazikuwa zimefika ubaoni kwetu.

Twende kwenye vitabu, maana huko ndiko swali la chaguo linakolipa.

Sentensi ya kwanza ya Cien años de soledad ya Gabriel García Márquez (1967) imenukuliwa mno, sitainakili. Itazame tu ilivyojengwa. Kishazi huru kina kanali na kitenzi cha kukumbuka. Kishazi tegemezi kina baba, mtoto na barafu. Na kile kikosi cha wapiga risasi, ambacho kwa akili ya kawaida ndicho habari kubwa? Hakina kishazi. Hakina hata kitenzi. Kimetajwa njiani kama mtu anavyotaja kwamba alikuwa amesimama karibu na mlango. Kifo kimepewa maneno machache ya mahali, barafu ikapewa kishazi chake. Msomaji anayefuata ngazi ya huru na tegemezi atasubiri risasi kwa kurasa nyingi. Sura ya kwanza, hata hivyo, inaishia kwenye barafu, na kuhusu kikosi, atakayesoma ataona. Mwandishi alituambia tangu mwanzo kipi kina uzito, akakiweka chini ya kingine.

Miaka minane baadaye, katika El otoño del patriarca, alikwenda mbali zaidi: sura ya mwisho ni sentensi moja. Wasemaji wanabadilishana ndani yake bila alama za kunukuu, kwa que na y na mkato tu. Wengi huniambia Kiswahili hakiwezi kubeba sentensi ya namna hiyo. Mimi naona kingeweza kuliko Kiingereza, kwa sababu kila kitenzi chetu kinatangaza nafsi yake: akitoka a- akaingia ni-, msomaji anajua mdomo umebadilika. Na virejeshi vyetu vinajua vinarejea wapi. La llave de la casa que perdí ina utata, ni ufunguo uliopotea au nyumba? Sisi tuna "nilioupoteza" na "niliyoipoteza", utata umekwisha. Ajabu ni kwamba kwa binadamu hatuna msaada huo. "Binti wa fundi aliyefariki": kafa binti au kafa fundi? Tuko makini na funguo kuliko na marehemu.

Lakini kitabu kilichoninyima usingizi ni chembamba kuliko hivyo vyote, Pedro Páramo cha Juan Rulfo, 1955. García Márquez mwenyewe alisimulia jinsi alivyokisoma alipohamia Mexico hadi akakikariri. Kinaanza na kijana anayeeleza kwa nini amefika Comala: aliambiwa kwamba baba yake, mtu aitwaye Pedro Páramo, yuko huko. Aliambiwa na nani? Hapo mwanzo kitenzi cha kuambia hakina mwenyewe. Baba yote ya kitabu hiki inaning'inia kwenye que iliyoning'inia kwenye sauti isiyo na jina, na ni sentensi inayofuata ndiyo inayotuambia ilikuwa ya mama.

Kitenzi ndani ya kishazi hicho ni vivía. Hiki ni kile kitenzi cha casaba, kilichovutwa nyuma. Kinaweza kuwa "anaishi" na kinaweza kuwa "aliishi", na Kihispania hakikulazimishi useme. Rulfo anakuacha hapo kwa kurasa chache, mpaka mchunga punda mmoja anamwambia kijana kwamba Pedro Páramo alikufa miaka mingi iliyopita. Mhispania akirudi kwenye ukurasa wa kwanza anakuta sentensi haikumdanganya. Ilikuwa na jibu ndani yake na haikulisema.

Mimi nikitafsiri lazima nichague. Nikiandika "aliishi", nimemzika mzee kabla mtoto hajafika. Nikiandika "anaishi", nimemwamini mama, na nimeweka uongo mahali ambapo Rulfo hakuweka. Nilijaribu kukwepa kwa "makazi yake yalikuwa", ikasomeka kama barua ya wilaya.

Mwishowe nikaandika "anaishi", kwa sababu ndivyo kijana anavyoamini anapoanza safari, na Kiswahili humwachia msemwa wakati wake. Nikampa mdogo wangu kurasa za mwanzo asome. Alikuwa kajilaza kwenye kochi, simu kifuani. Alipofika kwa mchunga punda akainuka.

"Dada, si umeandika anaishi?"