Saba Saba Bila "Na"

Tarehe 7 Julai 1928, katika mji mdogo wa Chillicothe, jimbo la Missouri kule Marekani, mkate uliokatwa slesi kwa mashine uliuzwa kwa mara ya kwanza. Naanza na mkate kwa sababu orodha nazo zinaupenda sana. Fungua kurasa za "Leo Katika Historia" siku ya Saba Saba, hutakosa kuukuta, jirani na kifo cha Arthur Conan Doyle (1930) na ushindi wa Boris Becker pale Wimbledon (1985, akiwa na miaka 17 tu). Shuka hadi kwa waliozaliwa: Gustav Mahler (1860), Ringo Starr wa The Beatles (1940), MS Dhoni (1981), yule nahodha aliyeiletea India Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2011. Halafu kuna Roma, 1990: Pavarotti, Domingo na Carreras wakiimba pamoja, mkesha wa fainali ya Kombe la Dunia.

Hiyo Jumamosi ya Roma ndiyo Jumamosi ya Kamukunji. Katika orodha nyingi ninazosoma, za Kiingereza na hata hizi zinazotafsiriwa haraka haraka kwa Kiswahili, waimbaji watatu wamo na Kamukunji haimo. Na ikiwemo, imeandikwa kwa namna ambayo ndiyo imenifanya nikae chini niandike haya.

Sisemi orodha ni takataka. Hii ni aina ya uandishi kama nyingine, na sidhani kuna shairi lolote linalofikia wasomaji wake. Mtangazaji wa redio anaisoma asubuhi kati ya habari za foleni na tangazo la unga. Mjomba anaiweka status. Ni utanzu mfupi, rahisi, una ladha yake: unajisikia kwa dakika moja kwamba dunia ina mpangilio, kwamba siku yako ya kuzaliwa si yako peke yako. Lakini kwa vile tunakubali kuukosoa ushairi neno kwa neno, sioni kwa nini orodha iponee.

Basi tusome maneno. Orodha inaishi kwa kauli ya kutendwa: alizaliwa, aliuawa, ilianzishwa, ulizinduliwa. Kila aliyepitia Kiswahili cha sekondari anakumbuka kwamba kauli hiyo ina mkia, na mkia wenyewe ni "na". Kikombe kilivunjwa na nani? Mtoto yeyote wa Kenya anaujua huo mtego, ndiyo maana hasemi kilivunjwa. Anasema "kikombe kimevunjika". Kauli ya kutendeka. Kikombe kilikuwa kimekaa tu pale mezani, kikaamua.

Orodha inafanya vivyo hivyo, ila kwa watu. Inasema "ghasia zilizuka", kama uyoga baada ya mvua. Inasema watu "walipoteza maisha", vile mtu anavyopoteza kitambulisho kwenye matatu. Na pale inapojikaza ikasema "waliuawa", inaikata sentensi kabla ya "na". Hata "alizaliwa" ni kauli ya kutendwa, ukifikiria. Mama yake Ringo aliitwa Elsie; sijawahi kumwona kwenye orodha. Kazi yote aliifanya yeye, na siku ni ya mwingine.

Sasa, ungesema nafasi ni ndogo, hakuna pa kuweka mkia. Lakini rudi kwa mkate. Mkate una mkia! Mara nyingi wanakuambia mashine ilitengenezwa na Otto Rohwedder. London 2005 ina mkia pia: watu 52 waliuawa na washambuliaji wanne waliojilipua kwenye treni tatu na basi moja. Hapo sentensi inafika mwisho wake vizuri kabisa. Inakatika ikifika Nairobi.

Hebu tuimalizie. Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote waliowahi kuwa mawaziri, waliita wanahabari wakadai vyama vingi. Kisha wakaitisha mkutano wa hadhara Kamukunji, tarehe 7 Julai. Serikali ya Moi ikakataa kutoa kibali. Tarehe 4 Julai wote wawili wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi, na Raila Odinga naye akachukuliwa. Tayari mtaani kulikuwa kumechemka: kanda za nyimbo za kuisema serikali zilikuwa zinachezwa kwenye matatu, na waliokuwa wanaziuza wanashikwa. Jumamosi ilipofika, watu wakaenda Kamukunji hata bila wenye mkutano. Polisi wakawapokea kwa virungu, vitoa machozi na risasi. Ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa, zikavuka Nairobi zikafika miji mingine. Watu wasiopungua 20 wakauawa, zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakurudi kuwa yule wa zamani hadi alipofariki 2018. Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoingizwa 1982 ili KANU iwe chama pekee, kikafutwa.

Hiyo ndiyo Saba Saba ya kwanza. Ya 1997, watu wakidai mabadiliko ya Katiba, polisi waliwafuata hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints wakawapigia humo humo.

Mwaka mmoja baada ya kuacha chuo nililipwa kuandika orodha hizi. Mteja, simtaji, alitaka matukio 15 kwa kila siku, maneno yasiyozidi 20 kila tukio, mwezi mzima ukamilike kabla ya Ijumaa. Piga hesabu: matukio 450. Hakuna binadamu anayetafuta matukio 450 kwa wiki. Unachukua kwa orodha ya mwenzako, naye alichukua kwa ya mwingine, na hivyo ndivyo mkate wa Chillicothe unavyozunguka dunia bila kuharibika. Nilipofika 7 Julai niliandika kwamba watu waliuawa na polisi. Ilirudi ikisema "watu waliuawa". Sababu niliyopewa ni kwamba maneno yamezidi. Nilihesabu. Yalikuwa 19.

Kinachonikera zaidi si maneno mawili kukatwa. Ni ile imani iliyo chini ya utanzu wote, kwamba tarehe ni bahati nasibu: vitu vinaangukia siku moja, sisi tunashangaa, tunaendelea na chai. Kwa wanaozaliwa, sawa. Ringo na Dhoni hawakupanga. Ingawa hata hapo kuna utata. Mchoraji Marc Chagall yumo kwenye orodha nyingi kama mtoto wa 7 Julai 1887. Alizaliwa eneo la Vitebsk, wakati kalenda ya Urusi ilikuwa siku 12 nyuma ya ile ya Ulaya Magharibi, na kwa kalenda ya kwao ilikuwa 24 Juni. Jumlisha 12 na utapata 6 Julai. Chagall mwenyewe aliipenda saba, akabaki nayo. Mtu alijichagulia siku ya kuzaliwa na orodha zikamkubalia!

Wanasiasa ndio mabingwa wa mchezo huo. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963 na ikawa jamhuri 12 Desemba 1964. Hiyo si ajali. CCM iliundwa 5 Februari 1977, tarehe ileile Afro-Shirazi ilipoanzishwa 1957. Tarehe inapangwa kama kiti cha mbele kanisani: mtu ametandika leso mapema.

Ukivuka Namanga, Saba Saba ni kitu kingine kabisa. Tarehe 7 Julai 1954, Dar es Salaam, chama cha TAA kiligeuka kuwa TANU, Julius Nyerere akiwa rais wake. Kwa Mtanzania leo Saba Saba ni sikukuu na ni maonyesho ya biashara pale Barabara ya Kilwa: familia, mabanda, watoto na barafu mkononi. Kwa Mkenya ni kufunga duka mapema. Neno ni lilelile, na si neno la kutafsiriwa. Kiingereza kwa kawaida hakiiti tarehe hivyo, kwa sababu miezi yake ina majina. Sisi husema mwezi wa saba, basi tarehe saba mwezi wa saba inajipa jina yenyewe. (Na hata saba ni suala la mahali unapoanzia. Pwani, ukihesabu miezi baada ya Ramadhani, Mfungo Saba ni Rabiul-Akhir, na hauna uhusiano wowote na Julai.)

Ndipo UNESCO ikaingia. Novemba 2021 iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kumbukumbu ya TANU kukitumia Kiswahili kuunganisha watu katika harakati za uhuru. Ni lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa heshima hiyo, na mimi ninayekula kwa Kiswahili, siku ambazo nakula, nilifurahi. Bado nafurahi. Lakini angalia kilichofanyika kwa upande wetu wa mpaka. Tarehe ambayo kwa miaka 30 ilikuwa ya Kamukunji ilipata mgeni mwenye suti nzuri, na sasa afisa wa serikali ana kitu cha kusema siku hiyo bila kutaja Kamukunji. Anaweza kusimama kwenye jukwaa tarehe 7 Julai, aseme Kiswahili kitukuzwe, watoto wakariri ngonjera, apigiwe makofi, arudi nyumbani. Hajadanganya popote. Amesoma tu mstari mmoja wa orodha.

Sidai UNESCO ilitaka hivyo. Waliangalia Dar es Salaam, hawakuangalia Nairobi. Ila ndivyo orodha inavyofanya kazi hata bila mtu kuwa na nia mbaya. Kuweka kitu juu ya kingine ni kukifunika, na karibu tukio lolote linafaa kuwa blanketi.

Siku ya Kiswahili ya tatu ilikuwa Jumapili, 7 Julai 2024. Uhuru Park siku hiyo kulikuwa na tamasha la kuwakumbuka vijana waliouawa kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, siku 12 baada ya Bunge kuvamiwa. Mabango na nyimbo vilikuwa kwa Kiswahili, Kiingereza, Sheng, vyote vimechanganyika. Nyerere alivyokitaka Kiswahili mwaka 1954, kama chombo cha watu wasiofanana kudai kitu kimoja, alikuwa akikitaka hivyo. Kwa hiyo ukiniuliza sherehe halisi ya Kiswahili mwaka huo ilifanyika wapi, nitakuambia Uhuru Park, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Orodha ya 7 Julai ina tukio jingine ambalo huwa linaachwa likielea peke yake. Mwaka 2021, usiku, Rais Jovenel Moïse wa Haiti aliuawa nyumbani kwake. Nukta. Mbele ya nukta hiyo kuna sisi. Baada ya kifo chake magenge yalizidi kuiteka Port-au-Prince. Oktoba 2023 Baraza la Usalama likaidhinisha kikosi cha kimataifa kikiongozwa na Kenya. Polisi wetu wa kwanza wakatua kule 25 Juni 2024. Tarehe hiyo unaijua. Ndiyo siku Bunge la Nairobi lilivamiwa na watu wakapigwa risasi barabarani. Asubuhi ya siku moja polisi wa Kenya walikuwa wanapokewa Haiti kama waokoaji, huku wenzao wakiwa kazini kwetu. Hapa kalenda imefanya kitu ambacho riwaya ingeogopa kufanya, mhariri angesema imezidi. Na orodha, ambayo kazi yake yote ni kuona vitu vinavyokutana, inapita kama haijaona, kwa sababu Moïse yuko ukurasa wa Julai na Bunge liko ukurasa wa Juni.

Ringo ana desturi moja nzuri. Kila siku yake ya kuzaliwa anawaomba watu, ikifika saa sita mchana popote walipo, waseme "amani na upendo". Tarehe 7 Julai 2025 alitimiza miaka 85. Ilikuwa Jumatatu, na saa sita hiyo ilipofika Nairobi barabara za kuingia jijini zilikuwa zimefungwa na polisi tangu alfajiri. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitaja vifo 31 katika hesabu iliyotoa siku iliyofuata, na hesabu ikazidi kupanda. Miongoni mwao kulikuwa na mtoto aliyefikwa na risasi akiwa nyumbani kwao. Kila mmoja wao alikuwa na siku ya kuzaliwa iliyoandikwa mahali, kwenye kadi ya kliniki au kitambulisho. Hizo tarehe hazitaingia kwenye orodha yoyote.

Mstari wa 2025 bado ni mbichi. Ndiyo sasa unaandikwa, na ndiyo sasa inaamuliwa kama utasema waliuawa na polisi, au waliuawa, au walipoteza maisha, au ghasia zilizuka. Anayeuandika pengine ni mtu wa rika langu, kwa simu, analipwa kwa mstari, na amebakiza mistari 449.