Shilingi Iliyopotea Jikoni

Ilikuwa asubuhi ya Julai, katika kanisa dogo la chuo kimoja cha Biblia kati ya Njombe na Makambako, na baridi ilikuwa ile ya pumzi kuonekana. Wanachuo walivaa masweta mawili mawili. Kijana aliyekuwa mimbarini alizishika kingo zake kama anayeshika mpini wa jembe, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya hubiri la mazoezi. Andiko lake lilitoka Luka 15: yule mwanamke mwenye shilingi kumi aliyepotewa na moja. Alihubiri dakika ishirini na tano. Alitaja uchumi wa Wayahudi, akataja thamani ya nafsi, akapanda hadi Ufunuo, akashukia Mwanzo, na kila alipoona wenzake wanasinzia alipaza sauti.

Alipomaliza, mwalimu wake hakwenda mbele. Alikuwa amekaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, pale wanapokaa mabibi waliochelewa kwa kutembea mbali na akina mama wenye watoto wanaolia. Akauliza swali moja tu.

"Mwinjilisti, hiyo shilingi ilipotelea wapi?"

Kijana akanyamaza. Akafungua Biblia, akasoma kimyakimya, midomo ikicheza. "Ndani ya nyumba, Mwalimu."

"Nyumba ya namna gani, hata mtu awashe taa ndipo afagie?"

Hapo nikamwona akibadilika uso, maana nyumba ile alikuwa anaijua. Ni jiko la bibi yake: chini udongo, juu masizi, dirisha la kupitisha mkono tu, na hata mchana kweupe usipowasha kibatari hujui sufuria iko wapi. Sarafu ikidondoka mle huitafuti kwa macho. Unapiga magoti, unafagia taratibu, unasikiliza ufagio ukigusa chuma. Wiki iliyofuata kijana alilirudia andiko lilelile kwa dakika kumi na mbili, na uchumi hakuugusa. Alieleza namna bibi anavyosikiliza ufagio, kisha akasema Mungu anatutafuta hivyo. Mpishi wa chuo alikuwa amepita mlangoni na mzigo wa kuni mkononi. Alisimama pale pale na mzigo wake hadi Amina.

Mimi ni mtoto wa kanisa la huku, na nimesikia mahubiri tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Ila sikujua kwamba hubiri hufundishwa namna hiyo, kwa swali moja linalomrudisha mtu jikoni kwao. Nilidhani ni kipaji, kama sauti ya kuimbia. Sasa naamini ni ufundi, na ni ufundi unaostahili heshima zaidi ya tunayoupa.

Wapo wanaosema mhubiri wa kweli haandai, kwa kuwa Roho atampa la kusema. Nawaheshimu, lakini ahadi ile iliyo katika Mathayo 10 walipewa watu watakaokamatwa na kufikishwa mbele ya maliwali na wafalme. Haikutolewa kwa mtu aliyekuwa na wiki nzima na Biblia mezani. Chuoni wanafundishwa kusoma andiko mara nyingi kabla ya kufungua kitabu kingine chochote. Kuuliza nani anasema, nani anaambiwa, nani yupo pale lakini hatajwi. Wanafundishwa kulinganisha Biblia ya mwaka 1952 iliyozoeleka masikioni na tafsiri mpya zaidi, halafu kuliweka neno katika Kibena, Kikinga au Kipangwa cha nyumbani kwao, waone kama bado lina uzito. Kisha wanaandika. Kisha wanakata, na kukata ndiko kunakowaliza. Nimemwona mwanachuo akiomba aachiwe aya moja nzuri aliyoipenda kuliko zote, na mwalimu akamjibu kwa upole kabisa kwamba aya ile ilikuwa inamhubiri yeye mwenyewe.

Ibada nayo ina mikono yake. Nilikaa siku moja kwenye zoezi la ubatizo. Walikuwa wamefunga kanga ikawa mtoto mchanga, wakapokezana. Kichwa kinalala kwenye kiwiko cha kushoto, mkono wa kulia unabaki huru kuchota maji mara tatu, na macho yanabaki kwa mtoto, yasirudi kitabuni. Ndiyo sababu wanakariri liturjia: anayeijua kwa moyo anapata nafasi ya kuwatazama watu. Mwalimu akaongeza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha ibada. Alisema miezi ya baridi maji ya ubatizo yapashwe moto kidogo, na mchungaji ayajaribu kwanza kwa kidole chake, ili mtoto asiipokee neema kwa kushtuka. Nilitamani kila mzazi wa Njombe ayasikie maneno yale.

Mafunzo haya yana umri mkubwa huku. Wamisionari wa Berlin walifika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na kabla karne haijaisha walikuwa wameingia Ubena na kujenga kituo cha Kidugala. Walifundisha vijana kusoma, kufundisha na kuongoza sala. Vita vya 1914 vikaja, Wajerumani wale wakachukuliwa. Walirejea katikati ya miaka ya 1920, na vita vya 1939 vikawaondoa tena. Ni nani aliyekuwa anagonga kengele katika miaka hiyo? Wamisionari wa mataifa mengine walisaidia, ndiyo, lakini aliyesimama mbele ya watu kila Jumapili alikuwa mwalimu wa kijijini, mwenye Biblia yake na yale aliyofundishwa. Makanisa saba yalipoungana Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kanisa la huku Kusini, likiwa mojawapo, lilikuwa limekwisha kuonja mara mbili maana ya kubaki na watu wake lenyewe.

Hata leo hali haiko mbali na hiyo. Wachungaji wengi wa KKKT wamepitia Makumira, kule Usa River karibu na Arusha, ambako chuo cha theolojia kipo tangu 1954. Lakini mchungaji mmoja ana usharika wenye mitaa kadhaa, na Jumapili haigawanyiki. Atafika mtaani kwenu siku ya Meza ya Bwana. Jumapili nyingine ni za mwinjilisti, mtu aliyelima viazi Jumamosi mchana na kuandika hubiri usiku. Ndiye anayesema "Kamwene" mlangoni kwa kila mtu, ndiye anayesimama baada ya ibada wakati wa mnada wa sadaka akihakikisha jogoo wa mjane haondoki kwa bei ya kutupa, na ndiye anayejua nani hakuja leo na kwa nini.

Na ndiye anayezika.

Hapa lazima nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipouelewa ufundi huu. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Njombe, ambao ndio kwanza ulikuwa umemegwa kutoka Iringa, watu 14.8 katika kila mia wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Utafiti wa 2022/23 bado ulituweka juu, asilimia 12.7. Dawa zimeokoa wengi, Mungu ashukuriwe. Lakini kuna miaka ambayo tulizika vijana hadi udongo wa makaburi haukuwahi kuota nyasi. Nilihudhuria mazishi ambapo mhubiri asiyefundishwa aligeuza jeneza kuwa fimbo. Alisema mshahara wa dhambi huku mama wa marehemu akiwa amekaa mbele yake kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa kwa kitenge. Mama yule aliacha kuja kanisani.

Miaka kadhaa baadaye niliona mazishi mengine, mvua ikinyesha, na mwinjilisti kijana aliyetoka chuoni mwaka huohuo. Aliongea pengine dakika saba. Alimtaja marehemu kwa jina lake mara nyingi. Alisema Yesu alimlilia rafiki yake kabla ya kufanya jambo lolote, akafunga Biblia, akaenda kukaa mkekani upande wa wanaume, akanyamaza nao mpaka giza likaingia. Baadaye nilimuuliza alijifunzia wapi kunyamaza vile. Akasema chuoni: walipewa kazi ya kukaa na wagonjwa wodini saa nzima bila kuhubiri, na usiku waandike walichosikia.

Kijana wa namna hiyo anasomeshwa kwa magunia ya mahindi na viazi na kwa bahasha za watu wa kawaida. Basi usharika wako ukipitisha bahasha ya kumsomesha mwinjilisti, usiirudishe tupu. Na akija mtaani kwenu kwa mazoezi, kaa benchi la nyuma, msikilize mpaka mwisho, kisha mwambie kweli kama ulimsikia.