Shoga Asiye na Ubeti: Marejeano Katika Nyimbo Zetu

Wahenga wa mwambao walisema mtalaka hatongozwi. Methali ni fupi lakini imebeba elimu kubwa ya mapenzi, kwamba waliokwisha kujuana hawahitaji barua ndefu wala mshenga wa kuwapambia maneno. Njia wanaijua, na hata mlango unaokwama wanajua pa kuusukuma. Kuna mtu mmoja tu ambaye methali hii imemsahau. Naye ni yule shoga aliyegongewa mlango usiku na mwanamke aliyetoka kwake na sanduku, akampokea, akamtandikia, na tangu siku ile akawa anamwambia asirudi. Mtalaka akisharejea, huyu shoga awekwe wapi?

Katika maisha kila mmoja wetu ana jawabu yake. Mimi nataka kuliuliza suali hili katika ushairi, na khasa katika nyimbo za taarabu, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tulikojifunza maneno ya kusema tunapopenda, na naona kwamba huko shoga huyu hatendewi haki.

Miaka iliyopita nilihudhuria taarabu ya harusi hapa Unguja. Wasomaji wa kwetu wanajua kutunza kulivyo. Anayetunza hangojei wimbo uishe. Anausubiri mstari unaosema neno lake, na hapo huinuka, akaenda mwendo wa taratibu na noti juu, akahakikisha kwamba njia yake inampitisha mbele ya yule anayemkusudia. Ukumbi mzima husoma. Usiku ule ulipofika ubeti wa kuwapuuza wanaosema ovyo juu ya wapendanao, aliinuka mwanamke ambaye wengi tulijua kwamba amerejeana na mumewe hivi karibuni. Akapita mbele ya viti vya shoga yake, akageuka, akapita tena. Shoga huyo ndiye aliyemweka kwake miezi minne, akamlaza chumba kimoja na watoto wake, siku alipotoka kwa mume huyo huyo na jicho limevimba. Watu walipiga vigelegele. Nami, nakiri, nilicheka na waliocheka, na aibu ilinijia njiani nilipokuwa narudi nyumbani.

Mtunzi wa wimbo ule hakuwajua wanawake wawili hawa, na mwimbaji kadhalika. Fumbo la taarabu ndivyo lilivyo: linashonwa bila ya kipimo cha mtu ili limkae kila mtu. Lakini tuyatazame maneno yenyewe tuliyorithishwa. Anayepinga mapenzi katika nyimbo zetu huitwa hasidi, mzushi, fatani, mmbeya, au kwa jumla walimwengu. Takriban wakati wote yuko katika wingi. Wingi huu si jambo dogo la sarufi, maana ndio unaofanya kazi yote. Walimwengu hawana sura; hawakumpikia mtu uji, hawakumkanda mtu jicho kwa maji ya moto. Nimekuwa na mchezo wangu mdogo tangu usiku ule. Kila nikisikia wimbo wa aina hii, naliondoa neno walimwengu na mahali pake naweka shoga yangu, kisha nausikiliza upya. Tusi ambalo lilikuwa tamu kwa walimwengu hugeuka kuwa chungu mdomoni. Na mara nyengine wimbo mzima huanguka, kwa sababu haukuwa na kingine cha kuusimamisha.

Haikupasa kuwa hivyo. Taarabu yetu ina nasaba ya Kiarabu. Inajulikana kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliitafuta muziki wa Misri kwa ajili ya kasri lake, na klabu ya Ikhwani Safaa iliyoasisiwa 1905 ilianza kwa kuimba Kiarabu. Sasa katika adabu ya mapenzi ya Waarabu watu hawa hawachanganywi. Ibn Hazm wa Andalusia (994–1064), katika kitabu chake cha Kidani cha Njiwa, anampa kila mmoja mlango wake: yuko mlaumu, yuko mwenye kuchunga, yuko mchongezi, na yuko rafiki msaidizi. Zaidi ya hayo, mlaumu wa asili kwake ni rafiki wa ndani, ambaye hufichani naye kitu, na lawama zake anazihisabu kuwa ni faida. Kisha anamtenga na yule asiyechoka kukemea. Kwa maoni yangu, watu hawa walipovuka bahari hadi katika nyimbo zetu walipanda jahazi wakiwa wengi wakateremka mmoja. Akateremka mchongezi. Jambo la kusikitisha ni kwamba lugha yetu inalo neno zuri la yule mwengine, mnasihi, na tenzi za mawaidha zinalitumia bila ya shida. Katika wimbo wa mapenzi mnasihi haingii.

Hata Misri ya juzi ilikuwa na upana kuliko sisi. Wazee waliokuwa wakikusanyika kwenye redio kumsikiliza Ummu Kulthum wataikumbuka Fakkaruni ya 1966, ambamo ni watu wenyewe, kwa kumtaja tu mpenzi aliyeondoka, wanaoliamsha penzi lililokuwa limelala. Mwaka uliofuata aliimba Fat al-Mi'ad, na hapo anayetaka kurejeana anaambiwa kwamba wakati umekwisha kupita. Nyimbo mbili, majibu mawili, mwimbaji mmoja. Msikilizaji anabaki na kazi ya kufikiri.

Mtu ataniambia kwamba sisi ni watu wa dini, na kurejeana ni kheri, hivyo anayekupinga ni mpinga kheri. Ni kweli kwamba sheria imeuacha mlango huu wazi kwa makusudi: aliyetoa talaka moja au mbili anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda bila ya ndoa mpya, na eda ikisha, wakitakana, hufungwa ndoa nyengine kwa mahari mengine. Imepokewa pia katika Bukhari kwamba Maakil bin Yasar alimwoza dada yake kwa mtu akamwacha, na eda ilipokwisha mtu yule akaja kuposa tena. Maakil akakataa kwa hasira, na huku dada mwenyewe anamtaka. Ikateremka aya ya 232 ya Suratul Baqara, inayokataza wanawake wasizuiwe kurudi kwa waume zao wakiridhiana kwa wema, naye akamwoza tena. Khabari hii ina uzito wake, lakini tuisome kwa utulivu. Maakil alikuwa walii, mkononi mwake mlikuwa na uwezo wa kuzuia. Shoga hana uwezo wowote ila ulimi wake. Na aya imeweka sharti la wema, sharti ambalo ndilo hasa shoga analoliulizia.

Bukhari huyo huyo ametuhifadhia khabari ya Barira, mjakazi aliyeachwa huru akachagua kuachana na mumewe Mughith. Mughith alikuwa akimfuata njiani, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) akamshauri Barira amrejee, Barira akauliza kama hiyo ni amri, akajibiwa kwamba ni uombezi tu, akasema hana haja naye. Ninachokipenda katika visa hivi viwili, kwa jicho la mhakiki, ni kwamba kila msemaji ana jina, na neno lake limesikika mpaka mwisho, hata lile ambalo halikufuatwa.

Taarabu nayo iliwahi kuwa na uwezo huo. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay 1928 kurikodi sahani, na wenziwe hawakuogopa tukio lenye sura. Wimbo wa Kijiti ulizungumzia mauaji ya mwanamke aliyekuja mgeni hapa Unguja, na muuaji akatajwa kwa jina ndani ya wimbo. Sisemi kwamba turudi kuwataja watu majina harusini, Mungu apishe mbali. Nasema chombo hiki kimewahi kubeba mambo mazito kuliko walimwengu. Kilichokipunguza, nadhani, ni miaka ya 1990, wakati wa rusha roho, pale mipasho ya makundi yaliyoshindana ilipoufanya wimbo kuwa kombora na ukumbi kuwa uwanja wa kulengana. Ilikuwa burudani kubwa, nami sijifanyi kuwa sikuifurahia. Lakini wimbo wa kombora unahitaji adui, na adui aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa shoga.

Kuna kosa jengine, nalo ni la umbo. Wimbo wetu una kiitikio, na kiitikio hurudi vile vile kila baada ya ubeti. Kwa penzi lisiloyumba hilo ni pambo. Kwa marejeano ni mtego, kwa sababu mtu anayerejea hawezi kuwa anasema neno lile lile mwanzo na mwisho. Baina ya ubeti wa kwanza na wa tatu lazima kiwe kimetokea kitu, ama mume amebadilika, ama mke amechoka kulala chumba cha watoto wa watu. Tukipewa kiitikio kisichobadilika hata silabi, hatuambiwi kwa nini amerudi. Tunaambiwa tu kwamba amerudi na wenye wivu wapasuke.

Dawa yake tunayo, wala haikuja na meli. Washairi wa pwani hii wamezoea kujibizana tangu Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mgumi wa Lamu walipokabiliana kwa beti juu ya ugomvi wa miji yao. Kurasa za mashairi za magazeti yetu zimeishi kwa maswali na majibu ya malenga. Basi kwa nini wimbo wa marejeano usiwe na sauti mbili? Ubeti aseme anayerejea, ubeti ajibu shoga, na kiitikio kiachwe kigeuke kidogo kila kinaporudi.

Nakubali pingamizi moja. Furaha ya kurejeana ina haki yake. Watu wawili waliopotezana wakapatana, wagombanao ndio wapatanao, hawawajibiki kutoa hesabu mbele ya kadhi kila wanapotaka kuimba, na wimbo wa mistari mitatu mitatu hauwezi kuwa barza ya usuluhishi. Tena shoga naye si malaika. Kuna raha ya siri katika kuwa mshauri wa aliyeachwa: unatafutwa, unasikilizwa, shida ya mwenzio inakufanya uone nyumba yako kuwa njema. Akirudi kwa mumewe raha hiyo hukatika, na baadhi ya nasaha huwa ni majonzi ya kukatikiwa. Mshairi hodari angeliona hilo pia, na ubeti wa shoga ungekuwa mtamu zaidi kwa kutokuwa safi.

Hatari ya desturi tuliyonayo ni ya vitendo. Mwanamke akishamtunzia mwimbaji mbele ya shoga yake, na ukumbi ukapiga vigelegele, ataugonga vipi mlango ule siku jicho litakapovimba mara ya pili? Wimbo unadumu usiku mmoja, lakini uso uliotolewa kikao hadharani haurudi kirahisi. Wengi wa watunzi wa nyimbo hizi, nikumbushe, wamekuwa wanaume, na wanawake ndio waimbaji na ndio watunzaji. Anayeandika ubeti siye anayehitaji pa kulala.

Mtunzi atakayejaribu kumpa shoga ubeti namshauri asianze na jicho, maana jicho litamvuta kwenye mahubiri. Aanze na sanduku. Mwanamke yule aliporejea kwa mumewe alichukua nguo zake tu. Sanduku lenyewe, lenye dhahabu zake na hati ya kiwanja alichoachiwa na baba yake, alimwomba shoga amwekee. Na usiku ule wa noti, nilivyoambiwa na anayejua, lilikuwa bado liko chini ya kitanda cha shoga, na ufunguo anao mwenyewe.