Fundi Anayejua Kutofautisha Kazi na Kusubiri

Barua pepe ikichelewa kufika Usevya, jibu huwa moja: "Mtandao unasumbua." Karani anayesubiri waraka kutoka Mpanda atasema hivyo, na mhitimu anayesubiri kuitwa kwenye usaili atasema hivyo pia. Huku Mpimbwe, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, mtandao husumbua kweli, kwa hiyo hakuna anayebisha. Lakini kuna siku WhatsApp inaingia vizuri na barua bado haionekani. Siku hiyo huenda barua imekwama kwenye seva iliyo mbali, ndani ya programu inayoikagua kujua kama ni halali au ni barua taka. Namsifu hapa fundi anayeikwamua.

Watuma taka tunawajua. Nani hajapata ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Kwenye simu mwenyewe ndiye mkaguzi: anausoma, anautambua, anautuma namba 15040 ya kuripoti utapeli, anaufuta. Kwenye barua pepe mzigo ni mkubwa kuliko macho ya mtu, ndiyo maana kazi hiyo wameachiwa wakaguzi wa mashine. Mmoja wao maarufu ni SpamAssassin, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2001 na Justin Mason, mtaalamu kutoka Ireland, na ambayo tangu 2004 iko chini ya taasisi ya Apache. Haihukumu kwa dalili moja. Kila dalili mbaya huiongezea barua alama, kila dalili njema huipunguzia, na ikifika alama 5 inahesabiwa kuwa taka. Ukaguzi huo una gharama ya muda, na hapo ndipo seva huanza kuwa nzito.

Seva ikilemewa, ofisi nyingi hukimbilia kuomba seva mpya. Fundi mzuri hakimbilii huko. Anafungua rekodi. Kila barua inayokaguliwa huacha mstari mmoja: imepata alama ngapi kati ya 5, imetumia sekunde ngapi, ina baiti ngapi. Anachukua maelfu ya mistari hiyo na kuipanga kwa sekunde, kisha anaitazama kwa utulivu. Barua ikitumia sekunde 1.3, nyingine 0.8, nyingine 2.1, hiyo ni kazi, maana kazi hutofautiana. Lakini barua fupi na barua ndefu, ya shule na ya benki, zote zikiganda kwenye sekunde 15 na ushee, hapo hakuna kazi inayofanyika. Kuna mtu anasubiriwa ambaye haji. Sekunde 15 ndio ukomo wa subira ambao programu hii imewekewa inapoulizia nje.

Inauliza nini nje? Inauliza kama anwani iliyoleta barua imo kwenye orodha za watuma taka, kama zile za Spamhaus, shirika lililoanza mwaka 1998. Maswali hayo hupita kwenye mfumo wa majina ya kikoa, yaani DNS. Enzi za setilaiti, kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, kila swali lilipanda kilomita kama 36,000 angani na kushuka, na jibu likarudi kwa safari ileile. Leo njia ni fupi, ila kosa la zamani bado lipo: seva inaelekezwa kwenye seva ya majina iliyokwisha kufa, au kwenye ile ya umma ya 8.8.8.8, ambayo watu huiandika kwa mazoea ingawa Spamhaus haihudumii maswali yanayopitia huko. Fundi anaweka seva ndogo ya majina, kama Unbound, palepale kwenye mashine ya barua. Inauliza yenyewe, inahifadhi jibu, na barua kumi zikija kutoka anwani ileile, swali linatoka mara moja.

Kusubiri kwa pili kuko ndani ya mashine. Programu hujigawa katika nakala zinazokagua barua kwa pamoja, kwa kawaida zisizozidi 5. Foleni ikirefuka, mtu mwenye haraka huongeza nakala ziwe 20. Kila nakala hula makumi ya megabaiti za RAM. RAM ikiisha, mashine huanza kuhamishia mambo yake kwenye diski na kuyarudisha, na kila nakala inakaa ikingoja diski. Fundi anayejua atapima nakala moja inakula kiasi gani, atagawanya RAM iliyopo, na pengine atapunguza nakala. Foleni inaisha haraka kwa wafanyakazi wachache walioshiba nafasi.

Kusubiri kwa tatu ndiko kunakonivutia zaidi, kwa sababu hujificha. Programu ina daftari la maneno: kila neno limeonekana mara ngapi kwenye barua njema, mara ngapi kwenye taka. Hesabu yake inatokana na kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Daftari likizidi takriban maneno 150,000, programu hulisafisha yenyewe, hata saa nne asubuhi barua zinapomiminika. Nakala moja inafunga mlango ili isafishe, nyingine zinasimama nje. Baada ya dakika chache kila kitu ni shwari, na anayekuja kuangalia haoni tatizo. Fundi anaunganisha saa za malalamiko na saa za usafi, anazima usafi wa kujiendesha, na kuupangia saa nane usiku.

Daftari hilohilo linaonyesha kwamba kazi hii si ya kasi tu. Kanuni nyingi zilizokuja na programu zimetungwa kwa Kiingereza. Hazijui salamu zetu ndefu, wala namna tapeli anavyoomba "msaada wa haraka" kwa Kiswahili. Daftari halianzi kutumika hadi lifundishwe angalau barua 200 njema na 200 mbaya, na fundi ndiye mwalimu. Anachagua barua za watu wake, anazitenga moja moja, maana ukilifundisha uongo litahukumu kwa uongo. Kwenye alama 5 ana busara ya mama anayepepeta mchele wa Mpimbwe: bora pumba chache zibaki ungoni kuliko punje kumwagika. Taka iliyopenya inafutwa kwa kidole; barua ya usaili iliyotupwa humnyima mtu kazi.

Uhodari wake wa mwisho ni nidhamu. Anabadilisha jambo moja, anasubiri siku ya kazi ipite, anarudi kwenye rekodi na kuhesabu upya. Haridhiki na "naona kama imekuwa nyepesi". Kisha anaandika: nini kilikuwa tatizo, alibadilisha faili gani, na kwa nini. Katika halmashauri, mtumishi akipata uhamisho huondoka na ujuzi wake wote kichwani, na anayepokea huanza upya na kosa lilelile. Ukurasa mmoja wa maelezo unamwokoa.

Kwa hiyo wanaofundisha vijana TEHAMA waanze na rekodi kabla ya vifaa. Na mkuu wa ofisi anayeletewa ombi la seva mpya aulize kwanza swali la fundi: mashine hii inafanya kazi, au inasubiri? Akijibiwa kwa namba badala ya hisia, ajue anaye fundi wa kweli, na amshike asimpoteze.