Dhahabu Iliyomwagwa Bure: Smaug, Kirimu na Hazina ya Mlimani

Kosa la filamu ya pili ya The Hobbit lina mahali pake, na kila aliyeitazama anapajua. Ni pale vibete wanapowasha tanuru za Erebor, wakayeyusha dhahabu ya babu zao, wakaimimina katika kalibu ya sanamu kubwa, kisha wakaifungua kalibu hiyo mbele ya uso wa joka Smaug. Peter Jackson aliitoa filamu hiyo mwaka 2013. Nimeirudia mara nyingi nikitafuta sababu ya kumsamehe, na hukumu yangu haijasogea: uamuzi ule ulimharibu joka, ukaiharibu hadithi, na zaidi ya yote ukaiharibu hazina.

Kabla ya hapo kazi ni safi. Sauti ya Benedict Cumberbatch, mlima wa sarafu unaoporomoka kila Smaug anapogeuza shingo, mazungumzo yake na hobiti Bilbo gizani: sina neno.

Tuingie tanuruni. Thorin, kiongozi wa vibete, anamchokoza Smaug ili ateme moto. Moto unapita katikati ya nguzo na kuwasha tanuru zilizolala tangu vibete walipofukuzwa. Dhahabu inatiririka kwenye mifereji, Thorin anaelea juu yake ndani ya toroli la chuma, na baada ya mbio chache za kupanda na kushuka, sanamu ya mfalme imesimama. Minyororo inavutwa, kalibu inaanguka, Smaug anakodoa macho. Kisha sanamu inapasuka na kumfunika. Muda mfupi baadaye anafumuka kutoka sakafuni, anapaa akiwa amepakwa dhahabu mwili mzima, anajikung'uta, na kuelekea Mji wa Ziwani kana kwamba hakuna lililotokea.

Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi. Joto lililoiyeyusha, kwa maelezo ya filamu yenyewe, lilitoka kooni mwa Smaug. Ni moto wake. Anauvuta, anautema, anaishi nao kifuani. Unamshambuliaje kiumbe kwa joto alilokupa yeye mwenyewe dakika chache zilizopita? Aliyeandika tukio hili hakumuuliza swali hilo hata kibete mmoja, na kati ya vibete wale wamo waliokulia katika ufuaji wa chuma. Watetezi hunijibu kwamba nia ilikuwa kumzamisha, au kumwacha dhahabu imgandie. Haya, basi tuonyesheni ikiganda. Dhahabu nyingi kiasi kile haipoi kwa kupepesa macho. Ingehitaji saa nyingi, na mtu wa kumshikilia joka katika saa hizo. Filamu haikutoa hata dakika moja, kwa sababu ilitaka akimbie nje haraka, angali aking'aa.

Na hilo si baya kuliko yote. Mtazamaji anajua, hata asiyesoma kitabu, kwamba mpiga mishale Bard ana mshale mweusi na kwamba gamba moja la Smaug limeng'oka. Filamu imelionyesha na kulisisitiza. Kwa hiyo kila kinachofanyika tanuruni tunakijua mapema kuwa hakitafaulu. Ndugu zangu waandishi, tukio ambalo matokeo yake lazima yawe sifuri hulipi dakika nyingi namna ile. Unalipa dakika moja, au hulipi kabisa. Hapa Smaug aliingia mjanja, msomaji wa nyoyo, aliyenusa uongo wa Bilbo kabla haujamalizika. Akatoka mbio kwenye korido akimfukuza kila anayempigia kelele. Akili yote aliyojengewa kwenye chumba cha hazina ilimwagwa pamoja na dhahabu.

Halafu wenye mali wenyewe. Thorin amevuka nchi nzima, amewatia ndugu zake hatarini, amemwandikisha Bilbo mkataba wa fungu moja kwa kumi na nne, yote kwa ajili ya kile kilichomo mlimani. Siku anapokifikia, anakitia motoni. Hakuna kibete hata mmoja anayesita. Hakuna anayeshika kikombe akatambua alama ya ukoo wake kabla hakijaingia tanuruni. Hakuna anayelia. Mwongozaji alikuwa na wazo moja zuri pale, lile la Smaug kusimama na kuduwaa mbele ya sanamu kwa sababu ya kuipenda mno dhahabu, na akalipa sekunde chache tu.

J. R. R. Tolkien, katika kitabu chenyewe cha mwaka 1937, alihitaji kikombe kimoja. Bilbo anakiiba, Smaug anaamka, anajua papo hapo kwamba kimepungua, na hasira ya kikombe hicho ndiyo inayofungua mlango wa maangamizi. Fundi huyo alijifunza hilo kutoka katika utenzi wa Beowulf, ambamo joka limeilinda hazina ya watu waliokwisha kufa kwa miaka 300, na kikombe kimoja kilichochukuliwa kinatosha kuteketeza nchi. Ndani ya vitabu hivyo hazina ina hesabu. Joka analala juu yake akiijua punje kwa punje. Ukigusa kimoja, mtu fulani mahali fulani atalipa, na mara nyingi si yule aliyeiba. Ukimwonyesha mtazamaji joka ambaye mali yake inaweza kuyeyushwa mapipa kwa mapipa na hesabu isibadilike, umemwambia kwamba mali ile haikuwa na maana tangu mwanzo.

Nimekwisha kusema, na nitaendelea kusema, kwamba mzizi wa balaa ni uamuzi wa Julai 2012 wa kukigeuza kitabu kimoja kifupi kuwa filamu tatu badala ya mbili. Ukigawanya hivyo, sehemu ya katikati lazima itafutiwe kishindo cha mwisho, na kishindo kilichopatikana ndicho hiki.

Wachezaji wa Dungeons & Dragons wasicheke. Kitabu chao cha mazimwi cha mwaka 1977 kiliwapa majoka rangi, pumzi na tabia mbalimbali: huyu tindikali, yule umeme, mwingine barafu. Ukifika kwenye safu ya hazina, karibu yote yamepewa herufi ileile, H, kisha unarusha dadu. Joka wa kinamasi na joka wa jangwani wanakusanya kwa bahati nasibu ileile. Toleo la Fizban la mwaka 2021 lilijaribu kurekebisha, likaifanya hazina ipate nguvu kutoka kwa joka anayeilalia, na nalisifu kwa hilo. Lakini ugonjwa wa herufi H bado ninauona kila mwezi katika miswada ya vijana wa Goma na Bukavu: joka jipya, jina jipya, mabawa sita, na chini yake rundo lilelile la sarafu za Ulaya.

Vijana hao wamekalia utajiri wasioufungua. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese huko Walikale, Shekarisi Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck utenzi wa Wanyanga wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza. Biebuyck aliutafsiri pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga kama Rureke mwenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 1969. Mtu yeyote anayebuni joka katika nchi yetu na hajakisoma, aache kalamu kwanza.

Mtazame Kirimu, joka wa utenzi huo, jinsi alivyojengwa. Ngozi nyeusi, vichwa saba, pembe saba, macho saba, meno ya mbwa, tumbo kubwa. Hana pango la dhahabu. Hazina yake ni tumbo, na ndani ya tumbo mna watu. Wawindaji Wambuti waliotumwa na Mwindo kutafuta nyama wanamezwa. Mwindo anakuja na usinga wake, anaimba, anamwua. Mwili unabebwa hadi kijijini, unapasuliwa, unachomwa, na watu wanatoka hai. Hapo ndipo wengi wa leo wangeweka neno mwisho na muziki wa ushindi.

Rureke hakuishia hapo. Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Harufu ya rafiki yake akiungua inampanda hadi mbinguni, naye anashuka na kumchukua Mwindo. Shujaa aliyejitangaza kuwa hana wa kumshinda anateswa huko juu na baridi, mvua na jua, mwaka mzima, kisha anarudishwa kwa sharti: asiue tena mnyama. Hivi ndivyo joka anavyojengwa. Ana makundi yake, ana deni la urafiki na nguvu nyingine, na kifo chake kinadai. Ufunguzi wa hazina una bei, na bei inamwangukia aliyeshinda. Katika utenzi huohuo yumo Mukiti, bwana wa maji, aliyemwoa Iyangura, shangazi yake Mwindo. Kwa hiyo nyoka mkubwa wa mtoni ni mkwe wa ukoo. Hapigwi mshale tu na kuachwa, maana kuna mahari na kuna shangazi katikati. Hizo ni aina mbili za joka katika kazi moja, kila moja na kile inachokishikilia, na hakuna hata sarafu iliyotumika. Weka hilo kando ya sanamu ya Erebor uone nani fundi.

Kisha tazama ardhi ambako Rureke alisimulia. Mawe ya bati yaligunduliwa Bisie, msituni Walikale, mwaka 2002. Katika miaka iliyofuata maelfu ya wachimbaji walipanda kilima kile. Mzigo wa hadi kilo 50 ulishuka mgongoni mwa mtu, makumi ya kilomita kwenye tope, hadi Njingala, kisha ukapelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami na kuupeleka Goma. Nani aliilinda hazina hiyo? Hakuilalia mtu. Wenye bunduki walikaa kwenye vizuizi vya njia, wakahesabu magunia yanayopita na kuchukua fungu. Mgodi wa kiwandani wa Alphamin uliokuja baadaye katika eneo hilohilo ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, na Machi 2025 ukafungwa kwa majuma kadhaa waasi wa M23 walipokuwa wakisonga kuelekea Walikale mjini.

Masisi nako kuna Rubaya. Koltani yake, inayokadiriwa kuwa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia, haing'ai. Ukiishika ni changarawe nyeusi nzito, na mgeni angeipita bila kuiokota. Hati ya eneo ilikuwa ya kampuni, mikono ya kuchimba ilikuwa ya chama cha ushirika cha wachimbaji, na kati yao palikuwa na mgogoro wa miaka mingi. Tangu Aprili 2024 M23 ndio wanaotoza, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria makusanyo ya kodi yao hapo kuwa takriban dola 800,000 kwa mwezi. Waliokimbia vijiji vya Masisi wanajua kwa uchungu kwamba mlinzi wa hazina anaweza kubadilika usiku mmoja, na mchimbaji akabaki shimoni na koleo lilelile.

Kwa mbunifu makini haya ni maswali ya kazi. Je, hazina ya joka wako imekwisha chimbwa, au bado imo ndani ya mwamba? Kama imo mwambani, joka anahitaji watu hai, na hapo hawezi kuwachoma wote. Anajuaje kilichopungua: kwa harufu, kwa sauti ya nyundo, kwa kuhesabu migongo njiani? Mali yenyewe inapendwa na nani nje ya mlima, na kwa nini, ikiwa haina hata mng'ao? Filamu ya Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilianza na wachimbaji wa koltani wenyewe na kuwafanya chemchemi ya dunia yote ya kubuni, bila joka hata mmoja, nayo ina uzito ambao Erebor ya Jackson haiupati kwa tani zake zote za dhahabu ya kompyuta.

Watu wa Erebor kwenye kitabu wanatufundisha jambo jingine ambalo filamu ililiahirisha hadi sehemu ya tatu na kulifunika kwa vita. Smaug akishakufa, madai yanaanza. Bard anadai kwa ajili ya mji uliochomwa, mfalme wa Elfi anadai, vibete wanafunga lango. Hapo ndipo hazina inaonyesha sura yake, na ndiyo sababu haikupaswa kutumika kama silaha ya dakika tano. Huwezi kuwaomba watazamaji wajali mgawanyo wa mali ambayo umekwisha wazoesha kuiona ikimwagwa sakafuni.

Kwa hiyo kwako wewe unayeandika Masisi, Walikale, Goma au ulikokimbilia: msome Rureke kabla ya kumtazama Jackson tena. Kabla hujachora bawa la joka wako, andika kwenye karatasi nani anaichimba hazina, nani anaibeba, nani anaihesabu njiani, na nani atakayekuja kudai siku joka akifa. Ukiwa na majina hayo manne, tuma muswada. Nitausoma.